Foleni ya Picha na Mwimbaji

Mimi si mtu wa kuwachukia wanamuziki. Nashona nguo Gisenyi, karibu na soko, na redio ya kibandani kwangu huimba tangu natia uzi kwenye sindano hadi nafunga mlango. Mwimbaji akinieleza habari za mapenzi, namsikiliza. Ndiyo kazi yake, na huenda ameyaonja kuliko mimi. Lakini anieleze nani anafaa kuongoza watu? Hapa kwetu ukitaka mbegu ya viazi unamwuliza mtu wa Bugeshi, mwenye udongo kwenye kucha. Humwulizi mtu kwa sababu umemwona akila chipsi kwenye televisheni.

Wifi yangu hakubaliani nami. Yeye ni mdogo wa mume wangu, amekulia Goma, na Kiswahili changu cha Tanzania kinamchekesha; anasema naongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Yaya, huyu mutu banamujua mpaka Bujumbura," aliniambia kuhusu mwimbaji mmoja; Yaya kwao ni dada mkubwa. "Atadanganya watu namna gani?"

"Kujulikana si hoja," nikamjibu. "Hata yule kichaa wa stendi anajulikana."

Wifi anauza nyanya. Ananunua kwa wakulima wa Kanama, anavuka mpaka mdogo, ule wa waenda kwa miguu wa kuingia Kongo, asubuhi na beseni kichwani, anauza Goma, anarudi jioni. Ana mtoto wa kike anayeota meno. Mtoto huyo ndiye mwenye kisa hiki, ingawa yeye hakuimba wala hakugombea chochote.

Wanawake wanaovusha mboga wana koperative yao, yaani ushirika, na koperative ilikuwa na chumba kimoja karibu na mpaka. Si chumba cha kujivunia: mikeka, sufuria ya uji, na bibi mmoja mwenye subira ambayo mimi sina. Mama anamwacha mtoto asubuhi, anavuka na mzigo wake, akirudi anamkuta ameshiba na amelala. Ambaye hajawahi kupita mpakani katika msukumano ule, nyanya kichwani na mtoto mgongoni, asiniambie chumba kile kilikuwa kitu kidogo. Wifi mwenyewe alikuwa akisema kwamba siku kikifungwa, na biashara yake imefungwa.

Basi ukaja uchaguzi wa mwenyekiti. Mgombea wa kwanza alikuwa yule mama aliyehangaika ofisi hadi ofisi mpaka chumba kikapatikana; wenzake walimwita mama wa uji. Kuongea hajui. Mpe nafasi ya kuomba kura, atazungumzia sabuni ya kufulia mikeka mpaka watu wapige miayo. Wa pili alikuwa mama mwenye wigi jipya kila mkutano, naye hakuficha kitu: alisema chumba kipangishwe kwa mtu wa kuuza simu na soda, ili koperative ipate sura. Nikajiuliza kama siku zote hizo ilikuwa na kisogo tu.

Mama wa wigi angeanguka vibaya, ila alikuwa na shemeji, na shemeji huyo ndiye mwimbaji.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili mchana, kwenye uwanja wa kanisa. Mimi si mwanachama na sikuwa na kura. Nilikwenda kwa umbea, na sioni haya kusema hivyo.

Kwetu uchaguzi mdogo wa namna hii hauna karatasi wala sanduku. Wagombea wanasimama wakiutazama ukuta, wapigakura wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, na msimamizi anapita akihesabu vichwa. Mgombea hajui ana watu wangapi mpaka aambiwe ageuke. Naupenda utaratibu huu, kwa sababu humlazimu mtu kuichagua kwa miguu yake kesho anayoitaka.

Mwimbaji alifika na gari jeupe, miwani myeusi usoni, na siku hiyo mawingu yalikuwa yamefunika hata milima. Wanawake walipiga vigelegele. Wengine walikuwa wamesuka upya kwa ajili yake. Akapewa kipaza sauti.

"Bon," akasema, "mi sijue mambo ya nyanya. Sijue ata koperative inafanyaka nini. Lakini huyu mama iko shemeji yangu, donc iko mutu muzuri!"

Watu walicheka mpaka machozi, wakashangilia. Nami nilicheka kidogo, kwa sababu kwa kweli alikuwa amesema ukweli mtupu: hajui lolote. Mtu amekuambia kwa kipaza sauti kwamba hajui, nawe unampigia makofi na kumfuata! Hapo mwongo ni nani?

Msimamizi akatangaza kura. Wagombea wakaugeukia ukuta. Mwimbaji akaenda kusimama ubavuni mwa shemeji yake, akavua miwani, akasema: "Mwenye anataka foto, akuje apa."

Basi ikawa vurugu. Akina mama walikimbia huku wakitoa simu, wakafunga vilemba upya, wakapanga foleni nzuri kuliko ninazoziona hospitalini. Foleni ile ilianzia kwa mwimbaji, maana yake ilianzia mgongoni mwa mama wa wigi, ikazunguka mti wa avokado mpaka getini. Na katikati yake, mtoto mgongoni, nikamwona wifi.

Nikamfuata. "Wewe, unapanga mstari gani?"

"Ya foto, Yaya."

"Huu ni mstari wa kura!"

Alitazama mbele, akatazama nyuma. Alielewa, nilimwona akielewa. Kisha akashusha sauti: "Nikitoka, nafasi yangu inapotea. Na yule mama wa uji atapita tu. Banamuke bote banamupenda."

Nikamgeukia aliye nyuma yake. Naye akasema mama wa uji atapita tu. Aliyemfuata vilevile. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba wenzake watakwenda kukiokoa chumba, ili yeye apate picha kwa amani. Nikapaza sauti, nikaambiwa na msimamizi kwamba asiye mwanachama akae nje ya mistari. Nikakaa. Yeye akapita na kalamu yake, kichwa baada ya kichwa. Hakuuliza mtu amesimama pale kwa sababu gani, wala sheria haimtaki aulize.

Halafu akawaambia wagombea wageuke.

Mama wa uji aligeuka taratibu huku akikaza kitenge chake. Nyuma yake walikuwepo wanawake ambao wangetosha kwenye benchi moja. Aliwatazama hao, kisha akatazama upande wa pili, akawaona wengine wote wakijikagua kwenye simu. Nilitaka kulia, na nilitaka kuokota kokoto nimtupie mtu, ila sikujua nianze na nani.

Mwimbaji aliondoka kabla hawajamaliza kupiga makofi. Simlaumu sana, alikuja kwa ajili ya shemeji, akampa shemeji alichotaka. Chumba kilipakwa rangi ya bluu, sasa kinauza simu na soda, na kweli kimepata sura. Yule bibi aliyewatunza watoto alirudi kwao Kanama. Wifi alijaribu kuvuka na mtoto mgongoni, jua na vumbi vikamtia mtoto homa, na wateja wake wa Goma wakaanza kununua kwa mwingine.

Asubuhi moja nikamkuta mlangoni kwangu, beseni kichwani, mtoto mikononi. Hakuomba. Alimlaza tu kwenye kapu la vitambaa, akaondoka karibu kukimbia. Mchana mtoto alinikojolea gauni la bibi harusi, nalo la satini nyeupe. Nikalifua, nikamwambia mwenye nguo kwamba kitambaa kilihitaji kuloweshwa kwanza.

Jioni wifi aliporudi nilimwomba anioneshe hiyo picha, maana sikuwahi kuiona. Alisitasita, akanipa simu. Mwimbaji anatazama pembeni, anamchekea mtu mwingine. Wifi amekatwa nusu ya uso. Mtoto peke yake, akichungulia mgongoni, ndiye anayetazama kamera sawasawa.

"Mutoto alitoka muzuri," nikasema kwa lafudhi yake, nikitaka kumkejeli. Yeye akaanza kulia.

"Yaya, kesho nimulete tena?"

Ulimi wangu, ambao hauna breki, ulikuwa na mengi ya kusema: kwamba nilimwonya, kwamba amwombe mwimbaji wake amlelee. Nikamtazama mtoto, alikuwa ameshika mkasi wangu. Nikamnyang'anya, naye akaangua kilio.

"Mlete," nikasema.

Siku hizi akina mama wengine nao wananiletea wa kwao. Kura sikuwa nayo, watoto ninao.