Mjukuu yuko darasa la nne na hajui kusoma, nimejua baada ya mpunga kukauka

Wakuu, kwa umri wangu nyie ndio mngenipa shikamoo, lakini huku jukwaani mgeni ni mimi, basi hamjambo.

Naandika polepole, herufi za simu nimezikuza mpaka maneno mawili yanajaza mstari. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni mkulima wa mpunga, Ifakara. Shule niliishia la pili, baba akasema inatosha. Kusoma nilikuja kujifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na watoto tayari. Mwalimu wetu Gaspari. Tulikuwa mimi, Akwilina, Tasiana wa Ponsiano, mzee Kasiani na Leokadia muuza pombe. Wenzangu wote wameshatangulia, Mungu awarehemu.

Gaspari alikuwa na jambo lake moja. Mwisho wa mwaka kila mtu anapewa kipande chake cha gazeti ambacho hajawahi kukiona, anasimama peke yake, anasoma. Leokadia alilia mbele za watu. Ila alisoma.

Mimi nikajua ndivyo ilivyo. Mwaka ukiisha, mtu asome.

Sasa mjukuu wangu, Devota, ni mtoto wa mwanangu Fidelis. Fidelis anaishi Mlimba na mke mwingine, Devota nimemlea mimi tangu anatambaa.

Desemba alimaliza la tatu. Siku ya kufunga shule wazazi tuliitwa, watoto wakasoma ubaoni, darasa zima kwa sauti moja. Sauti ya Devota ilikuwa juu ya wote. Nikapiga vigelegele. Januari akaingia la nne.

(Huyu mtoto kichwa amerithi kwangu. Mtajie ukoo mzima mara moja tu, ataurudia bila kumruka mtu.)

Mpunga ukaota, magugu nayo yakaja. Ndani nilikuwa na dawa mbili. Moja inaua kila kitu, ilibaki tulipoandaa shamba. Nyingine inaua magugu na kuuacha mpunga. Chupa zinafanana, na maandishi yake madogo kama mayai ya chawa, macho yangu hayafiki.

Masanja, kijana wa Kisukuma anayepuliza dawa kwenye mashamba ya watu, alishafika na bomba mgongoni. Kusoma naye hajui. Nikamwita Devota.

"Ipi ya kwenye mpunga, mjukuu wangu?"

Akashika chupa, akaikazia macho, akatiririka: "Dawa ya magugu ya mpunga. Tikisa vizuri kabla ya kutumia."

Masanja akacheka. "Bibi, una profesa ndani! Mimi najua kusoma ng'ombe tu."

"Ng'ombe wenyewe hawana adabu, wanaingia mashamba ya watu," Devota akamjibu. Tukacheka wote.

Masanja akapuliza shamba lote.

Wakuu, magugu yalianza kugeuka njano, nikafurahi. Kisha mpunga nao ukageuka njano. Masanja alikuja kuangalia, akavua kofia. "Pole, bibi."

Sikumpiga mtoto. Nilimkalisha jikoni.

"Ulisoma nini pale?"

"Sikusoma, bibi. Nilisema kama wanavyosema redioni."

"Na shuleni?"

"Shuleni tunasoma wote. Nikiwa peke yangu sioni neno."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulipiga vigelegele."

Nilikwenda kwa mwalimu wake. Jina lake nalijua, silitaji, maana si mtu mbaya. Akanionyesha darasa, watoto wamejaa mpaka sakafuni.

"Bibi, nimsikilize mmoja mmoja saa ngapi?"

"Sasa mlimpandishaje?"

"Ningembakiza ningemkalisha wapi? Nyuma yake kuna wengine."

Nikaaga, nikarudi nyumbani.

Habari za shamba zikamfikia Fidelis, akaja. Nilimwomba aniachie mtoto, nitamtafutia mtu wa kumfundisha.

"Utamlipa na nini, mama? Mpunga umekufa. Na miaka yote hiyo shule imempa nini? Akamlee mdogo wake kule kwangu."

Devota akasema, "Baba, nitajifunza." Fidelis hakumtazama.

Nikamuuliza, huko kwako shule ipo? Akasema ipo. Nikamuuliza, atakwenda? Akainama kufunga mzigo.

Wameondoka Jumamosi.

Wenye watoto, nawaambia: kuimba na wenzake si kusoma. Mpe mtoto maandishi asiyoyajua, akae peke yake na wewe, umsikilize. Fanya hivyo kabla mwaka haujaisha. Mimi macho yangu yalinizuia, na vigelegele vyangu vikamzuia yeye kusema.

Kama yupo aliyewahi kumfundisha mtoto kusoma akiwa mbali naye, aniandikie hapa chini alivyofanya. Anayetaka kunilaumu pia aandike, nitasoma. Sijui kama bado ipo njia. Tangu Jumamosi napiga simu Mlimba, Fidelis hapokei.