Bahari ya Sebuleni kwa Aikande

Bangwe nzima, pale Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, ilijua kwamba mkunga Aikande ananunua chumvi kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa habari ya kuchekesha, maana chumvi ya Uvinza iko hapo hapo mkoani na inavuka mpaka Burundi na Kongo. Ila ile ya Aikande haikuwa ya mboga. Aliichanganya na maji kwenye ndoo, akaipima kwa kijidude cha kioo, kisha akaimimina ndani ya tangi kubwa lililokuwa sebuleni kwake, ambamo waliishi samaki wa baharini. Majirani walisema wameona mengi, lakini mtu mwenye ziwa mlangoni anayetengeneza bahari ndani ya nyumba hawajapata kumwona.

Aikande alikulia Tanga. Alipohamishiwa Kigoma, kituo cha afya kilimpokea vizuri na watu wakampenda upesi, ila jioni zilikuwa ndefu. Kaka yake, Bariki, alimsafirishia samaki wa kwanza kwenye mifuko ya maji, na kuanzia hapo akirudi kutoka kazini alivuta stuli, akakaa mbele ya kioo mpaka mwili ukapoa. Siku nzima alikuwa amesikia wanawake wakilia kwa uchungu na watoto wakilia kwa uzima. Samaki hawakulia.

Adui yake alikuwa umeme. Ukikatika, pampu inasimama, na samaki wanaanza kutafuta hewa juu ya maji. Mara kadhaa aliomba ruhusa, akapanda bodaboda mbio mpaka nyumbani, akakaa akichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ili yachanganyike na hewa. Mwezi wa tano umeme ukakatika wakati yuko na mama mwenye uzazi mgumu. Siyo mtu wa kumwacha mgonjwa kwa ajili ya samaki, na hakumwacha. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti. Aikande alipofika nyumbani alikuta samaki wake wote wa njano na wa buluu wanaelea. Walibaki wawili tu, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, jike na dume, aliowaita Bimkubwa na Mwinyi.

Akampigia Bariki simu. Alimwambia kwamba amechoka, kwamba huku ni kuwatesa viumbe wa watu, na kwamba aje awachukue hao wawili awarudishe Tanga. Bariki alikubali, ila likizo yake ilikuwa mwezi wa nane.

Jirani yake wa nyumba ya pili aliitwa Feliksi, Muha wa hapo hapo, mgane wa miaka mingi, mwenye mtumbwi wa kuvulia dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Miezi hiyo hakuwa na kazi, kwa sababu Serikali ilikuwa imefunga ziwa ili samaki wazaliane, na mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani. Mtu aliyezoea kazi akikosa kazi hutafuta ya jirani. Aliposikia mkunga amepatwa na msiba wa samaki, alikuja kutoa pole akiwa amebeba kiroba cha chumvi ya Uvinza mabegani, jasho linamtoka. Aikande alimweleza taratibu kwamba chumvi ya baharini ina mambo mengi ndani yake, na hii ya kupikia ingewaua. Feliksi hakuona haya hata kidogo. Alisema basi watapikia maharage, akauliza kingine kinachokosekana ni nini. Akaambiwa ni umeme.

Kesho yake alirudi na betri mbili, zile anazowashia taa za kuvulia dagaa gizani. Kwake zilikuwa zimelala bure. Aliunganisha nyaya kwa ustadi wa mtu aliyezoea kutengeneza vitu juu ya maji yanayoyumba, wakazima umeme makusudi kujaribu, na pampu ndogo ya hewa ikaendelea kutoa mapovu kana kwamba hakuna lililotokea. Aikande alicheka kwa sauti. Alikuwa hajacheka hivyo tangu wale wengine wafe.

Basi ikawa kila jioni Feliksi anapita kuangalia betri. Mwanzoni alisimama mlangoni, baadaye akaletewa stuli. Alitaka kujua kama hao samaki wanaliwa, akaambiwa hapana. Akauliza wanafaa nini, na Aikande akamjibu kwamba wanatazamwa. Feliksi akasogeza stuli karibu na kioo, akatazama. Maisha yake yote alikuwa amewaona samaki kwa maelfu, lakini ndani ya wavu, wakirukaruka. Alisema hakuwahi kumwona samaki akiwa nyumbani kwake.

Yeye ndiye aliyeona mayai. Mwinyi alikuwa amekwama kwenye jiwe moja, anapepea mapezi bila kupumzika, na Feliksi alipoinama aliona vidonge vidogo vya rangi ya chungwa vimebandikwa pale kama ulezi. Aikande alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye kioo. Mkunga wa miaka yote hiyo, akaanza kuyahesabu kwa kidole.

"Hata hawa wako wamesikia kwamba ziwa limefungwa," Feliksi akasema.

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mayai yalipoanguliwa, vitoto vilikuwa kama vumbi lenye macho, na havikuishi. Aikande alihuzunika kidogo, lakini Feliksi, kwa ujuzi wake wa ziwa, alimwambia kwamba mama huyo atataga tena, na kweli haukupita muda akataga.

Mwezi wa nane ziwa likafunguliwa. Feliksi akarudi majini na taa zake, na Aikande akashangaa kukuta amemwekea betri mbili mpya chini ya tangi, mahali pa zile za taa. Wiki hiyo hiyo Bariki akashuka kutoka safarini, ana boksi kubwa la kubebea samaki. Aliketi, akanywa chai, akawatazama samaki na mayai yao, akamtazama na mwanamume aliyeingia bila kubisha hodi sana na kwenda moja kwa moja kukagua waya. Kisha akamuuliza dada yake kama bado ameamua warudishwe Tanga.

Aikande alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima, akadhani atahitaji maneno mengi. Hayakuhitajika.

"Nilikuwa nimechoka kuwalea peke yangu," alisema. "Sasa siko peke yangu."

Bariki alimgeukia Feliksi, akamuuliza, nusu mzaha, kama anajua kwamba kule Tanga mtu akitaka kulea vya nyumbani kwa watu huja kujitambulisha kwa wazee kwanza.

"Nauli ninayo, shemeji," Feliksi akajibu, na Aikande akaficha uso kwa khanga.

Bariki hakuondoka mikono mitupu. Lile boksi lilijazwa samaki wa ziwani aina ya migebuka waliokaushwa na dagaa wa Kibirizi mpaka kifuniko kikagoma kufunga, na ndani ya basi kutoka Kigoma abiria walilalamika njia nzima juu ya harufu, huku wakimwomba awauzie.