Taratibu wa Machimboni

Dada yangu Teodora aliishi miaka mitatu na mwanamume ambaye jina lake hakulijua. Msimcheke. Mimi nilimcheka, na hadi leo najuta.

Serikali ilipolegeza biashara ya dhahabu, nusu ya vijana wa mtaa wetu hapa Ilemela walivuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kwenda machimboni. Mwaka 1993 Teodora naye akabeba sufuria zake akaenda kuwapikia. Kule kila mtu aliitwa kwa jina la utani. Huyu alikimbia kodi, yule alikimbia mke, mwingine mikosi tu, na kumuuliza mtu jina la kwao kulikuwa kama kumpekua mifuko. Wa dada aliitwa Taratibu, Mkerewe mrefu aliyekula polepole hadi sahani yake ikawa ya mwisho kuoshwa kila siku. Dada alisema hicho ndicho alichompendea.

Wote tulidhani mji ule wa wachimbaji utadumu. Ulikuwa na mashine ya kusaga, vibanda vya video, hata fundi saa. Dhahabu ilipokata, watu walikunja maturubai yao ndani ya wiki moja wakafuata uvumi wa machimbo mapya. Taratibu alitangulia, akaahidi kumwita. Teodora akabaki akipika sufuria ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka akawa anajipikia mwenyewe. Ndipo akarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata mchimbaji mmoja akamletea habari: Taratibu aliugua, ndugu zake wakamrudisha Nansio, kwao Ukerewe, akafia huko. Dada alitaka kitu kimoja tu, kusimama penye kaburi lake. Nami, kwa ulimi wangu huu mrefu, nikamuuliza marehemu anatafutwaje kwa jina la utani. Alipopanda meli nilimfuata kwa aibu.

Siku mbili tulizunguka Nansio, sokoni, mwaloni kwa wavuvi, majumbani. Watu walikuwa wapole, ila kila mmoja aliishia kwenye swali lile lile: alikuwa mtoto wa nani? Tulionyeshwa makaburi mawili ya wanaume waliorudi wagonjwa kutoka machimboni. Kwa yote mawili dada aliinama, akasoma jina kwenye msalaba, akainuka. Huenda mojawapo lilikuwa lake.

Siku ya tatu tulikwenda parokiani kuomba misa ya marehemu. Katekista Venant alifungua daftari, akauliza jina. Nilitazama chini. Sijawahi kuona mtu akimtamani mwenzake kama dada yangu alivyomtamani Taratibu asubuhi ile.

"Andika mume wa Teodora," alisema.

Katekista aliinua kalamu, akauliza kwa upole kama walifunga ndoa.

"Hatukufunga," dada akamjibu. "Lakini jina langu yeye alilijua."

Venant akaandika.