Maneno Matatu ya Mtumbwi

Jumanne nilimkuta mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, binti mtafiti, amekalia ndoo iliyopinduliwa, kishikwambi mapajani. Alikuwa akifuatilia safari ya sangara kutoka ziwani hadi kwenye sahani ya mlaji wa ng'ambo, apate kujua nani ananufaika na nani anaumia njiani.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama mmoja aliyekuwa akipaa samaki. "Mwaka huu uvuvi ulisimama lini?"

"Marahaba. Siku nne, baada ya Pasaka."

"Kwa sababu gani? Hapa kwenye fomu nina kukosa mafuta, hali ya hewa, au samaki kuadimika."

"Mwanangu alizama. Mtu akizama, hapa havui mtu mpaka mwili upatikane."

"Pole sana, mama." Binti akatazama kioo. "Basi niweke hali ya hewa?"

Kisu kikasimama. "Ziwa lilikuwa limetulia. Usimsingizie Mungu upepo. Mtumbwi wa tajiri wake ulikuwa umeoza."

Binti akafungua kisanduku cha mengineyo. "Nafasi ni ya maneno matatu tu. Niandike jina lake?"

Mama akafuta mikono kwenye kanga, taratibu. "Jina Mungu analo. Andika mtumbwi ulikuwa umeoza. Watoto wa wenzangu bado wanaupanda."

Binti akahesabu kwa vidole. Yakatosha.

Mimi nilimzika mume wangu, aliyezama katika ziwa hilohilo. Miaka yote nimesema ni mapenzi ya Mungu, wala sijawahi kuuliza habari za mtumbwi. Mungu anisamehe. Na wenye fomu nao, ambao wameweka visanduku vitano vya kuuliza ubichi wa samaki, waongeze kimoja cha kuuliza mbao za mtumbwi.