Nani-Kakuambia na Chumba cha Pampu

Mtaani wanamwita Nani-Kakuambia, na jina hilo kalitolea jasho. Ni fundi cherehani wa sare za shule. Lakini tangu watu wa mtaa wa juu na wa chini wachomeane maduka, na yeye akamzika kaka yake, ana kazi ya pili isiyo na mshahara: kufukuzia uvumi. Ukimletea neno, hakuulizi kama ni kweli. Anakuuliza, "Nani kakuambia?" Anavaa kandambili, anamfuata huyo, halafu aliyemwambia huyo, mdomo kwa mdomo, mpaka afike shinani. Wenye semina zao za amani wanamcheka. Wacheke. Moto mwingi umezimwa na kandambili zile.

Asubuhi hiyo neno lilikuwa baya: mlinzi wa pampu, mtu wa mtaa wa juu, katia sumu maji ya mtaa wa chini. Vijana wa chini walishakizingira chumba cha pampu, mlinzi kajifungia ndani.

Akamkuta kinyozi njiani, jiwe mkononi. "Nani kakuambia?"

"Shangazi, leo si siku ya maswali! Kamuulize muuza mkaa."

Muuza mkaa akamtaja fundi viatu. Fundi viatu akatema msumari. "Wifi yako, nani mwingine?"

Akageuza kandambili kurudi nyumbani. Wifi yake alikuwa uani anaanua nguo.

"Nani kakuambia?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe jana, ulisema maji yana harufu, mtoto asinywe kwanza?"

Ni kweli. Alisema, akasahau. Harufu tu! Midomo minne ikaipika mpaka ikawa sumu.

Angeweza kunyamaza. Lakini mtu angekufa. Na akisema, kesho akienda kuuliza nani atamfungulia mlango? Huko pampuni mabati yalikuwa yanalia kwa mawe.

Akakimbilia huko, akapenya kundi, akaegemeza mgongo mlangoni.

"Haya Shangazi," kinyozi akamkejeli, "nani katuambia?"

"Mimi."

Wakacheka. Akaeleza yote, tangu harufu ya jana. Kicheko kikafa.

"Kumbe tungeua mtu kwa mdomo wako?" kinyozi akauliza.

"Uvumi umeanzia kwangu. Nyie mmeufikisha hapa."

Kinyozi hakulitupa jiwe. Alilitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wanageukageuka.

"Wameenda?" mlinzi akanong'ona ndani.

"Usifungue kwanza," akamjibu, na mgongo wake haukubanduka mlangoni.