Isale Nililoling'oa Mpakani

Kilichoniangusha Jumamosi ile si mguu, ni maringo. Tangu nivunjike nyonga natembelea gongo, lakini siku ya kurudi kijijini kwetu, huku juu ya Moshi, nililiacha makusudi kwenye gari. Sikutaka waseme nimechakaa.

Mteremko ukanikomesha mapema. Nikashika isale kwenye mpaka wa shamba letu, ule mmea tunaoupanda mipakani, nikavuta. Udongo ulikuwa umelowa, likatoka na mizizi yake. Nikaliegemea, nikashuka.

Njia ilipita uani kwa Mzee Elinami, jirani tunayepakana naye. Hatujasalimiana miaka sita, tangu nimtangaze kijiji kizima kuwa anang'oa masale ya mpakani ili amege shamba letu.

Aliponiona na isale mkononi, alisimama. Kwetu, anayekuletea isale amekuja kuomba msamaha, na hakataliwi.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikitafuta pa kukaa.

"Marahaba, mwanangu. Yameisha." Machozi yakamlengalenga. Akamwita mkewe alete mbege, pombe yetu ya ndizi, na kiti.

Ningesema ukweli, lakini kiti kilikuwa kizuri na sifa za unyenyekevu ni tamu kuliko mbege. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyejuta miaka yote sita.

Kisha mzee akanyoosha mikono miwili alipokee isale. Nikasimama, nikampa, na bila cha kuegemea nikaenda chini kwa magoti yote mawili.

"Inatosha, mwanangu, usipige magoti."

Mkewe hakunitazama mimi. Alitazama mizizi iliyokuwa bado inadondosha tope, akainua macho mpakani, penye shimo jipya.

"Mume wangu," akasema taratibu, "yule mng'oa masale amepatikana."