Mlima wa Fundi Zege

Shemeji yangu hapendi udongo. Wapo watu wasiopenda paka, wapo wasiopenda kuamshwa asubuhi, na yupo yeye, mume wa dada yangu, ambaye akiona ardhi tupu hatulii mpaka aifunike kwa saruji. Mtaani wanamwita Fundi Zege, na jina hilo hakulipata kwa hongo. Nyua karibu zote za mtaa wetu zimesakafiwa na yeye. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuzama, yanazunguka nyumba hadi nyumba yakitafuta mwenyeji, na yeye husimama mlangoni kuyatazama yalivyo safi.

"Udongo," husema, "ni uchafu ambao haujapata fundi."

Dada yangu alipoolewa alikuta mpera katikati ya ua, akaupenda pengine kuliko bwana harusi. Mpera ukapukutisha majani, bwana harusi akafagia. Ukapukutisha tena, akafagia tena. Siku moja hakuja na ufagio, alikuja na msumeno. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwa dada mjenzi alikuwepo, miti ndiyo iliyohama. Alichoruhusiwa kubaki nacho ni waridi moja kwenye kopo la rangi karibu na mlango wa jiko, tena kwa sharti kopo liwekewe sahani chini lisije likachafua sakafu.

Mimi naishi jirani yao. Kati yetu kuna ukuta mfupi, ambao bila shaka unajua aliujenga nani, na cherehani yangu ipo dirishani. Sipelelezi mambo ya watu. Nashona tu, nikiwa nimetazama upande ule.

Wajukuu wao ni wawili. Mkubwa ni wa kike, yuko shule ya msingi, na tunamwita Mkaguzi kwa sababu hali, halali wala haketi kabla hajakagua. Likizo moja aliona sisimizi akikatiza sebuleni, akauliza ni nani aliyemfungulia. Mdogo wake, ambaye bado hajaanza shule, ni Bwana Simu. Mama yao alimpa simu yake ya zamani ili atulie, na kweli akatulia. Mimi mtoto yule nilimfahamu kwa utosi. Sura yake ningeulizwa ningebahatisha.

Kila likizo waliletwa, na kila likizo walikaa ndani, mapazia yamefungwa ili jua lisiharibu picha za kwenye simu. Hakuna aliyeona kasoro, maana watoto waliotulia ni sifa kwa wazee. Kumbe shuleni kulikuwa na habari nyingine. Mama yao akampigia dada simu, dada akaweka sauti ya juu kwa kuwa sikio lake moja ni la mapambo tu, nasi sote tuliokuwa mezani tukasikia. Mwalimu alikuwa amemwita. Mkaguzi alipoambiwa achore kuku, alimchora amelala ndani ya boksi, na chipsi pembeni. Bwana Simu naye alipelekwa kuzoeshwa shule, akawekwa kwenye nyasi na wenzake, akalia mpaka akanyanyuliwa. Mwalimu alisema watoto hawa wanahitaji kucheza nje, washike udongo, wapande miti, waumwe na siafu kidogo. Sasa mama yao, kwa adabu zote, akasema mama mkwe wake ana kiwanja chenye miti na kuku. Pengine likizo hii na zinazofuata watoto wakae huko, na kwa babu wawe wanakuja kusalimia.

Shemeji alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna. Lililomchoma ni hilo neno kusalimia. Mtu huyu, pamoja na ukorofi wake wote, kitanda cha wajukuu hukitandika mwenyewe, akilainisha shuka kama anayepiga lipu, na wakiondoka hukipita kile chumba bila kugeuza shingo. Akamnyang'anya dada simu.

"Mama, walete hapa," akamwambia bintiye. "Watakuta mti, mlima na maji. Jumamosi ya kwanza njoo uone mwenyewe. Usipowakuta wanacheza nje, uwachukue."

Mimi na dada tukatazamana. Tulidhani atanunua miche. Kesho yake likaja lori, likamwaga lundo la mchanga ndani ya geti, likashusha kokoto, nondo na mifuko ya saruji.

Alianza na mlima. Aliusimamisha kwa matofali, akaupiga lipu, akautilia ngazi na chuma cha kushikilia, halafu akapanda kileleni na pima maji kuhakikisha haujainama. Nikamwambia kupitia dirishani kwamba shemeji, mlima haupimwi kwa pima maji. Akanijibu kwamba ndiyo maana milima mingi imekaa vibaya. Baada ya mlima ukaja mti: shina la nondo, matawi manne yanayolingana kila upande, na majani ya saruji aliyoyakata kwa mwiko na kuyapaka rangi ya kijani. Baada ya mti, kidimbwi chenye kobe wa zege, mzito kuliko kobe wote waliowahi kutembea duniani.

Watoto waliletwa kazi ikiwa katikati. Mama yao akawaacha getini kwa sababu alikuwa anawahi kazini, nao wakakuta ua wote umezungushiwa kamba. Babu akawakataza kugusa chochote, bado hakijakauka. Kwa hiyo wakaingia ndani, wakafunga mapazia.

Sasa, anayejua ujenzi anajua kwamba zege jipya humwagiliwa maji asubuhi na jioni. Likikauka haraka linapasuka. Hilo halina ajabu. Lakini mpita njia akichungulia getini na kumwona mzee mwenye mvi ameshika mpira wa maji, anamwagilia mti wa saruji kwa upole, akiinua maji yafike hadi kwenye majani, huyo mpita njia utamweleza nini? Muuza maziwa aliegesha baiskeli akamuuliza dada kwa sauti ya chini kama mzee anaendeleaje. Dada akasema anaendelea, ila hakusema na nini. Mimi siku hiyo nilijichoma sindano mara kadhaa, na suruali ya mteja ikapata mguu mmoja mrefu.

Mkaguzi alitoka kuja kukagua. Akauzunguka mti akiwa nje ya kamba, mikono nyuma.

"Babu, ukiumwagilia hivi, utazaa nini?"

"Utazaa ugumu," akajibu Babu, na kwake hilo ni tunda.

Maji yale yalikuwa na njia yake. Yaliteremka toka kwenye mti, yakapita chini ya mlima, yakaenda kujikusanya kwenye lundo la mchanga getini. Aliyeyafuata wa kwanza ni Bwana Simu. Chaji ilikuwa imemwishia, umeme umekatika, mtoto akatoka nje akitafuta wa kumlalamikia, akafuata mfereji mpaka lundoni, akakanyaga. Mguu ukazama. Nikasimamisha cherehani nikisubiri kilio. Akauchungulia mguu, akauchomoa, akauzamisha tena kuona kama vidole vitarudi. Vikarudi. Akacheka, nami nikatafuta simu iko wapi, maana sikuwahi kusikia kicheko nyumba ile kisichotoka kwenye simu.

Dada yake akaja kumkaripia. Alisimama pembeni, kwenye saruji, akatangaza kwamba pale ni pachafu na watu watapata minyoo. Hakumaliza. Chura akaruka kutoka upande wenye unyevu akatua kando ya kiatu chake. Mkaguzi alipiga ukelele uliomshtua hata yule mwenye sikio la mapambo, akakimbilia jikoni, akajificha nyuma ya bibi yake. Kisha akachungulia. Kisha akatoka polepole, akiwa amevua viatu. Hadi jioni chura alikuwa na nyumba iliyoezekwa majani yaliyoletwa na upepo, ua, barabara ya kwenda mjini na kisima. Dada aliwaogesha, maji yakatoka rangi ya chai, naye alikuwa anacheka peke yake bafuni. Nilimsikia.

Babu hakucheka. Mchanga ule aliuchekecha kwa mkono wake, kwa ajili ya lipu ya mwisho ya mlima, na mchanga uliochanganyika na majani na makazi ya chura haushiki ukuta. Akawatoa kwa heshima, akawaambia vya kuchezea vyao vinakuja, wavumilie. Akafunika lundo kwa turubai. Watoto wakashukuru, kwani sasa walikuwa na paa. Kila Babu alipoingia kula, turubai lilianza kupumua.

Ijumaa kamba ikaondolewa. Babu alivaa shati la kutokea. Akawaita wajukuu, akaniita mimi na dada, akatoa hotuba fupi kuhusu uimara. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu ya vichwa vyetu. Mkaguzi akapanda mlima kwa ngazi, ameshika chuma, akaketi kileleni kama alivyoelekezwa, na papo hapo akanyanyuka ameshika gauni kwa nyuma. Zege lilikuwa la moto kama kikaango. Akakimbilia kivuli cha mti, akakikuta kina upana wa mpini wa ufagio. Bwana Simu alimkumbatia kobe, akatoka na goti lililochubuka. Hawakulia. Ni watoto waliolelewa vizuri. Wakamwambia Babu ahsante sana, ni vizuri sana, wakauliza kama sasa wanaweza kurudi mchangani.

Ile ahsante ilimwumiza kuliko tusi. Aliketi chini ya mti wake, akisogea kila kivuli kiliposogea. Mimi shemeji yangu nimemtania tangu siku ya posa, na siku ile maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, matamu kabisa. Nikayameza. Nilimhurumia mno.

Jumamosi binti yake akaja. Alinisalimia, shikamoo mama mdogo, na mkononi alikuwa na mkoba mtupu wa nguo. Shemeji akauona huo mkoba. Akajifanya hakuuona, akampeleka bintiye kwenye mlima, akamweleza unene wa nondo na uwiano wa kokoto, akizungumza haraka kama mtu anayekimbizwa. Binti akasikiliza kwa adabu, halafu akauliza watoto wako wapi.

Babu akaita. Akaita tena. Turubai likatikisika, wakatoka viumbe wawili, wa rangi moja kuanzia nywele hadi kucha. Mama yao aliwatazama mmoja baada ya mwingine, nadhani akitafuta yupi ni yupi.

"Simu yangu iko wapi?" akamuuliza yule mfupi.

Bwana Simu akavuta kamba, na simu ikatoka chini ya turubai kifudifudi, imebeba mchanga mgongoni.

"Haiwaki," akasema. "Lakini inabeba."

Mama alifumba macho. Mkaguzi, ambaye alishauona mkoba na kuuelewa, akamshika sketi kwa mikono yake ile ile, akaacha alama ambazo mimi ndiye niliyekuja kuombwa ushauri wa kuzitoa.

"Mama, usituchukue leo. Chura hajamaliza kuhamia. Na hapa kuna mlima."

Mama yao akageuka kutazama ule mlima wa ngazi.

"Siyo ule," Mkaguzi akasema. "Ule ni wa Babu. Wetu ni huu."

Sote tukamtazama Babu. Alikuwa bado ameshika mwiko. Fundi yeyote angesema mchanga huo ni wa kazi, na kesho unaisha. Aliyatazama yale majani, ile barabara ya kwenda mjini, na mchanga wake aliouchekecha ukiwa umegeuzwa makazi. Akauweka mwiko chini.

"Mchanga huo ni wao," akasema. "Niliuagiza kwa ajili yao."

Dada akakohoa. Uongo mkubwa kuliko huo mtaa wetu haujausikia, nami, mtu wa kupinga mpaka salamu, sikuupinga. Binti alimtazama baba yake. Kisha akautundika mkoba mtupu kwenye tawi la mti wa saruji, na hilo likawa tunda lake la kwanza. Akavua viatu akaenda kuonyeshwa kisima.

Likizo ikaisha, watoto wakarudi kwao. Nilidhani mambo yamekwisha. Asubuhi moja nikasikia kishindo uani, nikachungulia, yaani nikainua macho kutoka kwenye kazi, nikamwona shemeji ameshika nyundo kubwa, anapiga sakafu pale ulipokuwa mpera. Zege lilikataa. Alipiga, nyundo ikadunda. Akaleta mtarimbo, mtarimbo ukapinda. Jasho lilimtoka mpaka viatuni. Mwishowe akatupa nyundo chini, akafoka akiutazama ule ua kama adui.

"Nani alimwaga zege hili?"

"Wewe, shemeji," nikamjibu.

Akafikiri kidogo. "Fundi mzuri," akasema, akaokota nyundo.

Alihangaika nalo juma zima, na hakukubali msaada. Alipofika chini alikuta udongo mweusi, una unyevu wake bado, umemsubiri miaka yote ile bila kinyongo. Dada alitoka jikoni. Alileta kopo la rangi akalipasua, akalipandikiza waridi lake pembeni, naye shemeji akampisha. Kwenye mlima sasa tunaanika nguo. Zinakauka upesi sana.

Lakini mazoea yana taabu. Kila asubuhi bado anatoka na mpira wa maji. Jana nilimwona anamwagilia lile shimo, si waridi, bali pale katikati palipo patupu, akipitisha maji taratibu mpaka kingoni. Nikamuuliza amepanda nini.

"Sijapanda kitu. Haya ni matope," akasema, macho yake hayakuondoka kwenye kazi. "Yakikauka yanapasuka, na wao wanakuja Jumamosi."